Daftari la riwaya lisilofia njiani: mwongozo kamili

Wanaoniuliza habari ya daftari la riwaya karibu wote wanakuja na kilio kimoja. Riwaya ya kwanza ilijaza kurasa, ya pili ikapata nusu ukurasa, ya tatu haikuandikwa kabisa. Daftari sasa lina hesabu za umeme na michoro ya mtoto.

Nimeyapitia madaftari ya namna hiyo, ya Unguja na ya Pemba, na maradhi yao ni mamoja: mtu anaandika uhakiki wa mtihani. Kisa, dhamira, ujumbe, wahusika, tamathali za semi. Kazi yenyewe inachosha, hakuna wa kuisahihisha, na ukirudi kuisoma mwakani hukuti kitu ambacho usingekipata katika kijitabu chochote cha kujiandalia mtihani.

Daftari ninalolieleza hapa linaweka jinsi wewe ulivyoipokea riwaya: ulipocheka, ulipokasirika, ulipoacha kumwamini mwandishi, ulipolazimika kulaza kitabu kifuani ukatazama dari. Dhamira zikitokea njiani, karibu. Tusianze nazo.

## Vitu vya kuwa navyo

Kaunta buku moja, jalada gumu, iliyoshonwa. Usinunue ya waya. Kwa hewa yetu ya bahari waya unashika kutu, kutu inatia madoa, kisha kurasa zinaanza kung'oka moja moja. Wala usinunue daftari la kifahari. Mtu anaogopa kuliharibu, basi haliandiki.

Kalamu mbili za wino mzito, rangi mbalimbali. Bluu ya kila siku, nyekundu au kijani kwa kazi ya hatua ya 7. Wino wa majimaji unatambaa karatasi ikishika unyevu wa masika.

Penseli na vikaratasi. Chukua karatasi ya kawaida, ikate vipande vinne kwa urefu. Kila riwaya inapata kipande chake. Vikaratasi hivi ndivyo vinavyobeba mfumo mzima, usivione vidogo.

Bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana. Sababu yake utaiona mwishoni.

Ukipenda simu badala ya daftari, sawa, hatua ni zile zile. Mimi naona simu inavunja usomaji: unaishika kuandika sentensi moja, unakuta ujumbe wa harusi ya binamu yako, na riwaya imekwisha kwa usiku huo.

## Hatua ya 1: Lipange daftari kabla ya riwaya kuingia

Tia namba za kurasa, angalau hamsini za mwanzo. Kurasa nne za mbele ziache ziwe faharasa: namba, jina la riwaya, mwandishi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza au kuacha, na ukurasa wa daftari ambapo habari zake ziko. Kisha kila riwaya ipewe kurasa nne. Ikizidi, endelea popote penye nafasi na uandike chini "inaendelea uk. 61".

Kurasa nne zinakupa kiasi. Anayejiachia kurasa zote mia anataka kuandika kila kitu, na anayetaka kuandika kila kitu huchoka kufikia sura ya tatu.

Tahadhari: usianze kwa kujaza riwaya ulizosoma tangu skuli. Madaftari mengi yamefia hapo hapo. Weka ukurasa mmoja wa mwisho uitwao "Nilizosoma zamani", andika majina tu, basi. Ukija kuirudia moja, itapata nafasi yake ya haki.

## Hatua ya 2: Andika kichwa kabla hujasoma sentensi ya kwanza

Juu ya ukurasa andika jina la riwaya, mwandishi, mchapishaji, mwaka, nakala imetoka wapi na tarehe ya leo. Chini yake sentensi moja: unatarajia nini, na nani kakutia hamu.

Hiyo sentensi ya matarajio watu wanairuka, na ndiyo wanayoijutia. Ukishamaliza kitabu huwezi tena kukumbuka ulikuwa unadhani nini kabla. Akili inajidai ilijua tangu mwanzo.

Kuhusu mwaka, tazama ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu. Huko utaona mwaka wa chapa ya kwanza na mwaka wa nakala uliyoshika, na mara nyingi haviko sawa. Andika vyote viwili, kwa sababu namba za kurasa huhama toleo likibadilika. Ukibishana na mwenzako kuhusu tukio la ukurasa wa 90 na yeye ana chapa nyengine, mtabishana bure.

Kwa riwaya iliyotafsiriwa, jina la mfasiri ni la lazima. *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo mzaliwa wa Unguja kupata Tuzo ya Nobel. Ukizisoma zote mbili, zipe nafasi mbili katika daftari. Sauti unayoisikia katika *Peponi* ina mikono miwili ndani yake.

Na "nakala imetoka wapi" si urasimu. Kwetu riwaya zinatembea: leo iko Mtoni, wiki ijayo Chake, mwezi ujao hakuna ajuaye. Andika kakuazima nani na unatakiwa uirudishe lini. Kama ni ya maktaba, andika tarehe waliyokugongea muhuri.

Ukifanikiwa kichwa kinachukua mistari mitano au sita na hakizidi dakika tano.

## Hatua ya 3: Soma na kikaratasi mkononi

Wakati wa kusoma, daftari likae mbali. Ukiliweka mapajani utasoma kama karani. Kilicho ndani ya kitabu ni kikaratasi kimoja na penseli, na unachoandika ni namba ya ukurasa na alama moja.

Alama zangu ni hizi. Badilisha upendavyo, ila zisizidi sita:

- ! nimeshituka
- ? sijafahamu
- ch nimecheka
- x siamini. Mtu wa kweli hafanyi hivi
- n sentensi ya kunukuu
- m imenigusa mimi mwenyewe

Kikaratasi kilichotumika vizuri kinaonekana hivi:

> 12 ch
> 31 !
> 31 m
> 44 ? (huyu Bi Mkubwa ndiye yule wa uk. 9?)
> 58 x
> 58 x
> 70 n

Tazama hapo 58. Msomaji katia "x" mara mbili katika ukurasa mmoja. Hakuandika sababu, lakini usiku akilifungua daftari atajua kuna jambo la kusema. Na ile 31, mshituko na kuguswa pamoja, ndiyo itakayobeba ukurasa wake mzima.

Upande wa pili wa kikaratasi ni wa majina. Riwaya zetu zina jamaa wengi: shangazi, mke mwenza, mtoto wa kulea, mtu anayeitwa kwa jina la mwanawe hapa na kwa lake kule. Kila mtu mpya akiingia, andika jina na neno moja la ujamaa. Ukifika katikati ya kitabu kigumu utashukuru.

Tahadhari: usitie alama ndani ya kitabu cha watu, hata ya penseli. Kufuta nako kunakwangua karatasi, na mwenye kitabu ataona. Kitabu chako mwenyewe ni hiari yako, ila hata hicho kuna siku utakiazima, na atakayekisoma atakutana na "siamini!!" zako zote.

## Hatua ya 4: Sentensi tatu, usiku ule ule

Hii ndiyo hatua yenye uzito, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kila siku uliyosoma, kabla ya kulala, fungua daftari, tazama kikaratasi, andika sentensi tatu. Ya kwanza: umefika ukurasa gani na lipi lililokushika. Ya pili: ulihisi nini. Ya tatu inaanza na "kwa sababu" au na swali.

Kwa nini usiku ule ule? Hisia ya kusoma haikai. Asubuhi unakumbuka kilichotokea katika kisa lakini umesahau kilichotokea kwako. Wanaosubiri wamalize kitabu ndipo waandike, wanabaki na kisa tu, na kisa kimeshaandikwa na mwandishi mwenyewe, tena vizuri kukushinda.

Chukua *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, kwa vile wengi wameisoma skuli na wengi wameipatia ugonjwa huu wa uhakiki. Haya ndiyo ninayoyakuta katika madaftari:

> *Riwaya hii inazungumzia ndoa za kulazimishwa, nafasi ya mwanamke katika jamii, na harakati za ukombozi. Mwandishi amefanikiwa kuonesha matabaka.*

Hakuna kosa hapo, na hakuna mtu hapo. Angeweza kuyaandika asiyekifungua kitabu. Sasa soma hii:

> *Nimefika pale Yasmin yuko kwa Mwajuma. Nimempenda Mwajuma kuliko Yasmin, na imeniudhi, maana naona mwandishi anataka niwe upande wa Yasmin. Kwa sababu Yasmin ndiye mwenye kisa, lakini Mwajuma ndiye mwenye mlango. Mimi ningemfungulia mtu aliyekimbia ndoa, na mama mkwe yuko chumba cha pili?*

Huyu kazidisha sentensi moja, tumsamehe. Kaanza na mtu, si dhamira. Kakiri kwamba hisia yake inapingana na anavyodhani anatakiwa kuhisi. Kamalizia nyumbani kwake. Na ukitazama vyema, suala la nafasi ya mwanamke limo ndani yake lote, tena limeingia kwa miguu yake. Namba ya ukurasa itie pembezoni, ile ya nakala uliyonayo.

Ukikwama, usijiulize "mwandishi ana ujumbe gani?" Jiulize moja kati ya haya: Nani leo nilitaka kumkatiza maneno? Wapi niliruka mistari? Nani kanikumbusha mtu ninayemjua? Hilo la kuruka mistari ni zuri kuliko linavyoonekana. Ukiona unaruka maelezo ya mandhari kila mara, umejifunza jambo kuhusu mwandishi au kuhusu wewe.

Kuna siku hutahisi kitu. Andika hivyo: "Uk. 80–112. Hakuna. Nilikuwa na usingizi." Sentensi hiyo ni halali na inahesabika. Kinachoua daftari ni kutunga hisia usizokuwa nazo.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, usisimulie kisa; mstari mmoja wa kukumbusha tuko wapi unatosha. Ya pili, ukikosa siku kadhaa usirudi nyuma kujaza. Tia tarehe ya leo, andika ya leo. Pengo lililobaki wazi halina madhara. Daftari unalodaiwa deni ndilo hulifungui tena.

Ukifanikiwa, soma maandishi yako ya wiki bila kutazama jina la riwaya. Kama yangeweza kuwa ya riwaya yoyote, bado unaandika uhakiki. Kama rafiki yako angeyasoma akasema "huyu wewe mtupu", umeshafika.

## Hatua ya 5: Nukuu chache, kwa mkono

Chagua sentensi moja, mbili ukizidi, kati ya zile za alama "n". Inakili neno kwa neno, ndani ya alama za mtajo, na namba ya ukurasa. Chini yake andika kwa nini. Nukuu isiyo na "kwa nini" baada ya mwaka inakuwa bubu.

Alama za mtajo usizidharau. Bila hizo, siku moja utasoma sentensi tamu ndani ya daftari lako na utadhani ni yako.

Maneno mageni yaandike pamoja na sentensi yake nzima, uyatafute baadaye. Kwa msamiati wa visiwani, *Kamusi la Kiswahili Fasaha* la BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar), la mwaka 2010, mara nyingi linakutoa. Na lisipokutoa, muulize mzee wa karibu. Kwa maneno ya Kipemba khasa, mzee wa Micheweni atakujibu upesi kuliko kamusi yoyote, na atakuongezea kisa.

## Hatua ya 6: Katikati ya kitabu, weka dau

Ukifika takriban nusu, simama. Andika unadhani itaishaje. Sentensi mbili na tarehe.

Kwa riwaya za upelelezi hatua hii ni tamu peke yake. Ukisoma visa vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla, kuanzia *Mzimu wa Watu wa Kale* ya 1960, andika jina la unayemshuku na ukurasa ulipoanza kumshuku. Usilifute. Ukimaliza, tazama ni wapi Bwana Msa aliona kitu ambacho wewe ulikipita kama mwenzake Najum. Baada ya visa viwili vitatu utaanza kuona mwandishi anavyokuficha mambo mbele ya macho yako, na huo ni ustadi ambao hakuna kijitabu cha mtihani kinachoufundisha.

## Hatua ya 7: Funga, kisha subiri

Ukimaliza riwaya, andika usiku ule sentensi zako tatu kama kawaida. Kisha lifunge daftari kwa siku mbili au tatu. Ukilirudia, jaza ukurasa wa mwisho wa riwaya hiyo kwa maswali manne:

1. Nini kimebaki bila kufungua kitabu? Sura ya mtu, chumba, sentensi?
2. Nani sikumwamini mpaka mwisho?
3. Matarajio na dau langu vilikuwaje mbele ya yaliyotokea?
4. Ningempa nani kitabu hiki, na nani nisingempa?

La nne nalipenda kuliko nyota tano za watu wa intaneti. Nyota tatu hazisemi kitu. "Ningempa dada, nisingempa baba" inasema kila kitu.

Tahadhari kubwa: ukurasa huu uandike kabla ya kupeleka mjadala barazani, kabla ya kuuliza kundi la wasomaji, na kabla ya kutazama filamu. *Vuta N'kuvute* imetengenezewa filamu na Amil Shivji, ikatoka 2021. Filamu ni kazi nyengine kwa haki yake, lakini ukishaiona, sura ya mwigizaji inakaa juu ya ile uliyokuwa umeijenga wewe. Aliyeanza na filamu aseme hivyo katika kichwa cha ukurasa.

Baada ya mjadala, chukua ile kalamu ya rangi ya pili na uongeze yaliyokubadilisha. Usifute ya mwanzo. Rangi zikiwa mbili unaona wazi lipi lilikuwa lako na lipi umepewa. Kalamu hiyo hiyo utaitumia ukiirudia riwaya miaka ijayo: andika pembeni ya maneno ya zamani, na tarehe.

## Riwaya ulizoziacha

Nazo zinaingia kwenye faharasa. Andika ukurasa ulioachia na sababu ya kweli: imenichosha, mwenyewe kaitaka, naogopa linalokuja. Huna deni la kumaliza. Ukiziona zile zilizoachwa zimejipanga mahali pamoja, utagundua huwa unaachia wapi. Wengine huachia pale msimulizi anapoanza kuhutubu, na siwalaumu.

## Siri za daftari

Riwaya nzuri inachokoza mambo ya nyumbani. Utaandika juu ya mume wa kubuni na kalamu itahamia kwa mume wa kweli. Nyumba zetu zina watu wengi na daftari halina kufuli, kwa hiyo watu wa kweli wape herufi isiyo ya jina lao: "huyu ni B. mtupu". Usijizuie kuandika, jizuie kutaja. Wifi akilifungua, akute riwaya.

## Kulitunza

Wanaoliharibu daftari visiwani ni watatu: unyevu, mende na mchwa. Mende wanaifuata gundi ya mgongo wa jalada. Mchwa wanaipenda rafu iliyogusa ukuta. Ndiyo maana ya bati. Liweke juu ya kabati, mbali na ukuta na mbali na dirisha la upande wa bahari. Kuna wanaotia karafuu ndani. Harufu yake nzuri na daftari linanukia kama Pemba wakati wa mavuno, lakini mende wa kwangu hawakuonesha kuudhika, basi tegemea kifuniko.

Kila ukimaliza riwaya, zipige picha kurasa zake nne kwa simu. Wakati wa masika, siku jua likitoka, litoe daftari, lifungue kurasa zipepee, liache kivulini penye upepo kwa saa moja hivi. Usilianike juani: jalada linapinda, na likishapinda kifuniko cha bati hakifungi tena.